Jangwa Sebuleni Kwetu

Mwezi uliopita nilikwenda Saint Paul kumpeleka mwanangu wa mwisho kwa daktari wa macho. Tulipotoka, badala ya kushika barabara kuu ya kurudi kwetu Savage, mikono ikageuza usukani yenyewe. Unajua jinsi mikono inavyokumbuka. Nikajikuta mbele ya jengo la matofali mekundu ambalo ndilo lilikuwa kwetu nilipokuwa na miaka tisa. Ngazi za mbele zimebadilishwa, mti wa kivuli umekatwa, na mtaa wa pili, pale tulipokuwa tukinunua mchele na viungo, sasa treni inapita ikipiga kengele. Mwanangu akaniuliza kwa Kiingereza kwa nini tumesimama, maana hawa wangu ukiwasemesha Kiswahili wanaelewa kila neno na wanakujibu Kiingereza. Nikamwambia, "Humo ndani niliwahi kuishi jangwani." Akanitazama kama mtu aliyegundua kwamba anayehitaji miwani ni mama yake.

Basi ngoja nikusimulie wewe, maana yeye alirudi kwenye simu yake.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Tulikuwa tumetoka Dodoma kumfuata Baba, aliyetangulia huku Marekani kwa masomo ya chuo kikuu. Mama alipata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya usiku, na asubuhi alirudi na harufu ya sabuni ya hospitali, akaanza kukanda unga wa chapati kabla hajavua koti. Tuliishi ghorofa ya kwanza, wanne: Baba, Mama, mimi, na mdogo wangu wa kiume aliyekuwa na miaka sita na maswali yasiyokwisha. Mabomba ya joto yaligongagonga ukutani kama mtu anayeomba kufunguliwa. Nje, gari la Baba lililala limechomekwa waya wa umeme ili injini isigande, na mdogo wangu aliamini kwamba linanyonya.

Chini yetu, mlango ulio chini ya wetu sawasawa, aliishi mzee mmoja wa Kimarekani tuliyemwita Babu wa Chini. Kwao kulikuwa kusini kabisa, kwenye jangwa linalopakana na Meksiko. Mkewe alipofariki, binti yake wa pekee, aliyekuwa na kazi ya ofisini huko Plymouth, mji wa jirani, alimleta kaskazini ili awe karibu naye. Mzee alikubali kwa sharti moja, kwamba aje na miti yake. Watu wa jengo walisema siku aliyohamia alishusha sanduku moja la nguo, na lori zima la miiba.

Mimi niliiona miti hiyo siku Mama aliponituma na mdogo wangu kupeleka chapati za kumkaribisha jirani. Mlango ulipofunguka tulipigwa na joto kavu lenye harufu ya mchanga, harufu ambayo sikuwa nimeisikia tangu tuondoke nyumbani. Kila dirisha lilikuwa limejaa vyungu. Mdogo wangu, ambaye hakuwahi kuona kitu asikiguse, alinyoosha mkono, na kipande cha kaktasi kikarukia sweta lake, kikang'ang'ania. Akapiga ukelele. Mzee hakumgombeza. Alileta chanuo, akalipenyeza katikati ya miiba na nguo, akakibandua kwa mkupuo mmoja.

"Huyu anaitwa mrukaji," alisema. "Hamrukii mtu kwa ubaya. Anataka tu kusafiri, na wewe ulikuwa basi lake."

Tangu siku hiyo tulikuwa wa kushuka chini kila jioni baada ya shule. Mzee alitufundisha miti yake kama unavyofundishwa ndugu zako kwenye msiba, huyu ni nani na amezaliwa na nani. Kulikuwa na mti mdogo wenye shina la kijani kibichi, ambao kiangazi kikizidi huangusha majani yote na kujilisha kwa ngozi yake. Kulikuwa na kaktasi yenye mvi nyeupe kichwani, ambayo mdogo wangu alikuwa akiisalimia kabla ya mwenye nyumba. Kulikuwa na fungu la fimbo za miiba zilizosimama kwenye chungu kama ufagio uliogeuzwa, kavu kabisa, na mzee aliapa kwamba ule ni mti, tena mzima wa afya. Ukutani alibandika picha ya mti wa ajabu kuliko yote, mrefu, mnene chini na mwembamba juu, mfano wa karoti iliyopandwa miguu juu. Huo hakuwa nao. Alisema hakuna mlango wa nyumba ambao ungeupitisha.

Lakini mkubwa wa wote alikuwa saguaro. Huo ndio ule mnara wa kijani unaouona kwenye picha za jangwa, wenye mikono iliyoinuliwa kama anayesalimu amri. Wa mzee haukuwa na mikono bado. Ulinifika kifuani, una mikunjo kama sketi ya shule, na mzee alisema mikunjo ile hufunguka mti ukinywa na kujifunga ukiwa na kiu. Aliupanda mbegu mwaka aliozaliwa binti yake. "Huko kwetu," alisema, "saguaro hatoi mkono wa kwanza mpaka aliyempanda awe amezikwa. Kwa hiyo hatupandi kwa haraka."

Mama mwanzoni hakuelewa. "Mtu mzima anafuga miiba," alimwambia Baba. "Kwetu miiba tunazungushia zizi la mbuzi." Baba alipomtafsiria mzee maneno hayo, mzee alicheka mpaka akashika ukuta. Akataka aelezwe habari za zizi, za mbuzi, za minyaa tunayopanda kuwa ua, na jinsi maziwa ya mnyaa yanavyoweza kukupofusha. Naye akatupa jemu nyekundu ya tunda la mpungate, ile kaktasi ya vipande bapa, aliyokuwa akitumiwa na dada yake, tukaipaka kwenye chapati. Alisema kwao wana mikate kama hii hii, wanafungia maharage. Mama alishangaa kusikia kwamba mpungate ulitoka upande huu wa dunia, kwa sababu Dodoma upo kila mahali na hakuna aliyewahi kuuliza ulifikaje. "Kumbe nao ni mhamiaji," alisema, akalamba kijiko.

Mzee alijitahidi kujifunza salamu zetu. Shida ni kwamba alizishika kinyume. Kila tukigonga mlango alifungua kwa unyenyekevu, akasema, "Shikamoo." Na sisi, watoto wasio na haya, tulijibu, "Marahaba!" kama machifu. Siku Mama alipotusikia tulikiona cha moto.

Januari ya mwaka uliofuata barafu ilishika ngazi za mbele, na mzee akateleza akipeleka takataka. Mimi na Mama tulimkuta amelala ubavu, uso mweupe, anajaribu kufanya mzaha. Nyonga ilikuwa imevunjika. Watu wa gari la wagonjwa walipomweka kwenye machela, aliingiza mkono mfukoni akamkabidhi Mama ufunguo.

"Usiwape maji," alimwambia. "Hata wakikuangalia kwa huruma. Wakati wa baridi wamelala. Wewe wachungulie tu."

Mama akaapa. Lakini uso wake nilikuwa naujua. Kwetu mgeni haingii nyumbani akakosa maji.

Kisha ikaja ile wiki ya baridi kali kuliko zote, ile wiki ambayo shule zilifungwa na mate yakitemwa yaligonga lami kama kokoto. Jumamosi asubuhi Mama alinituma chini kuchungulia. Nilipofungua mlango nilisimama palepale, kisha nikapanda ngazi mbiobio.

"Mama, kule chini kuna moshi!"

"Moshi wa nini?"

"Wangu! Nikipumua unatoka moshi ndani ya nyumba!"

Mabomba ya joto ya chini yalikuwa yameganda. Kwa ndani, vioo vya madirisha vilikuwa vimeota barafu. Baba alimpigia simu msimamizi wa jengo, akaambiwa fundi atapatikana Jumatatu.

"Jumatatu watakuwa wamekufa," nikasema, na machozi yakaanza.

Baba alikuwa na mtihani. Vitabu vyake vilikuwa vimetapakaa meza nzima. "Tukawafunike blanketi," alisema. "Mama watoto, hapa hakuna nafasi. Hata sisi wenyewe tunapishana kwa zamu."

Mama alikuwa bado amevaa sare ya kazi, macho mekundu kwa kukesha. Hakubishana. Alianza kufunga vitabu vya Baba kimoja kimoja, akivipanga juu ya friji. "Baba watoto," alisema, "yule mzee hakuniachia miti. Aliniachia ufunguo. Nitamwambia nini nikimwona?"

Baba akavua miwani, akaenda kutafuta glavu.

Vyungu vidogo tulivibeba mimi na mdogo wangu, tumevifunga khanga za Mama ili upepo wa ngazini usivipate. Tulipanda na kushuka, tukipiga chafya na kupiga kelele tukichomwa. Mti wa shina la kijani ulipanda na koti la Baba. Ule ufagio wa fimbo ulimkwaruza Baba shavu zima. Ilipofika zamu ya saguaro, tulikwama. Ulikuwa mzito kama jiwe, na haukuwa na mahali pa kushika. Baba aliuzunguka mara kadhaa, akasema neno la Kigogo ambalo sikulijua na Mama akakataa kunitafsiria.

Mama akampigia simu Shangazi. Huyu alikuwa mama wa Kikenya tuliyesali naye kanisa moja, anayefanya kazi na Mama, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Alifika na gari lake kubwa, akaingia akikung'uta theluji kwenye viatu.

"Nilidhani ni mtu ameanguka!" alisema. "Kumbe ni mboga? Hebu nionyesheni huyo patient. Kwa kazi mimi huwa na-lift mzee wa kilo mia, hii itanishinda aje?"

Akaomba shuka na mkanda. Yeye na Mama wakasimama huku na huku kama wanavyosimama kwenye kitanda cha mgonjwa. Waliuviringishia saguaro blanketi mbili, wakapitisha shuka chini ya chungu, wakafunga mkanda kiunoni mwake. Mama, kwa mazoea ya kazi, alianza kuusemesha. "Haya mzee wangu, tunakugeuza sasa. Usiogope. Utasikia baridi kidogo." Shangazi akahesabu, moja, mbili, tatu, na saguaro ukainuka. Baba alikuwa nyuma akisukuma na kuguna. Ngazi kwa ngazi mgonjwa wetu alipanda, amevaa kofia ya sufi ya mdogo wangu kichwani, na majirani waliofungua milango kuangalia makelele walijikuta wakishangilia.

Jioni ile sebule yetu haikuwa sebule tena. Kaktasi zilikaa juu ya kochi, chini ya kochi, kwenye kingo za madirisha, juu ya televisheni. Saguaro ulichukua nafasi ya kiti cha Baba. Tulijifunza kupita ubavu ubavu, mikono imebanwa. Baba alisomea jikoni. Mama naye alikuwa na msemo wake: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu kweli akampa yule mrukaji kazi. Alimweka mbele ya kabati la biskuti, na biskuti hazikuguswa tena mpaka masika.

Joto la chini halikutengemaa. Fundi alikuja, akaenda, akarudi, na kila alipoondoka mabomba yaliganda upya. Kwa hiyo wageni wakabaki.

Mzee alipotoka hospitali alipelekwa kujifunza kutembea tena, na kwa bahati akapelekwa kwenye nyumba ileile alikofanya kazi Mama. Hapo ndipo Mama alipogundua tatizo lingine. Mzee hakutaka kuinuka. Walimletea fremu ya kutembelea, akageukia ukutani. Binti yake alikuwa amemwambia, kwa upole, kwamba hawezi tena kuishi peke yake, na kwamba pengine wakati umefika wa kuigawa ile miti. Binti hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka na ameogopa, kama tunavyochoka sisi sote na wazazi wetu. Lakini mzee alikuwa ameacha hata kula.

Mama alitusimulia alivyofanya, na aliirudia hadithi hii miaka mingi, kwa hiyo naijua neno kwa neno. Alivuta kiti karibu na kitanda, akakaa, akakunja mikono.

"Mzee," alisema, "nina watoto wawili na mume anayesoma. Sasa nina wa kwako pia. Yule mrefu amekaa kwenye kiti cha mume wangu. Mume wangu anakula amesimama. Wanangu wanaangalia televisheni kupitia miiba. Mimi sikufukuzi, ila nataka kujua, lini unakuja kuwachukua?"

 Mabega ya mzee yakaanza kutikisika, Mama akadhani analia. Alikuwa anacheka. "Anakula amesimama?" aliuliza. Mama akasema, "Kabisa." Mzee akafuta macho. "Sogeza hiyo fremu," alisema.

Kila Jumapili baada ya kanisa tulikwenda kumpa habari. Tulisimama kando ya kitanda tukaripoti kama madaktari: fulani amelala, fulani ameegemea dirisha, fulani amemchoma Baba tena. Siku moja Mama aliinamisha kichwa akamwambia kwamba yule mwenye mvi amefariki. Alikuwa ameoza kuanzia chini.

"Ulimpa maji," mzee alisema.

"Nilimwonea huruma. Kidogo tu. Kila asubuhi."

Mzee alimpigapiga mkono. "Hata kwetu wapo wanaokufa kwa kuonewa huruma. Hawa wengine waonee kidogo."

Mimi na mdogo wangu tulikuwa na siri nzito zaidi. Tuliamini kwamba zile fimbo pia zimekufa. Hazikuwa na rangi, hazikuwa na unyevu, zilitoa sauti ya kuni ukizigonga. Kila Jumapili mzee aliuliza habari zake, na kila Jumapili mimi nilisema, "Hajambo," huku nikitazama viatu vyangu.

Mwezi Machi, theluji ikiwa bado imelala barabarani, mdogo wangu aliniamsha kwa kunivuta mguu. "Njoo! Fimbo zinaota masikio!" Nilimfuata nikiwa na usingizi. Jua la asubuhi lilikuwa limeingia dirishani, na kwenye kila fimbo, kati ya mwiba na mwiba, palikuwa na kijani kidogo chenye umbo la sikio la panya. Tulipiga kelele mpaka Baba akatoka jikoni na mswaki mdomoni. Mama alisimama nyuma yetu na koti lake la kazi, akaweka kiganja kichwani kwangu.

Jumapili hiyo sikutazama viatu. Mzee aliposikia aliinuka kwenye kiti bila kusaidiwa, akatembea mpaka mwisho wa ukumbi na kurudi, na wauguzi wakasimama kumwangalia.

Wiki chache baadaye binti yake alikuja kwetu kwa mara ya kwanza. Nadhani alikuja kututaka radhi kwa usumbufu. Alisimama mlangoni, akaona jangwa la baba yake limekaa katikati ya madaftari yetu na soksi zetu, akaziba mdomo. Alipita ubavu ubavu mpaka kwa saguaro, akaweka kidole kwenye mkunjo, mahali pasipo na miiba.

"Kila siku yangu ya kuzaliwa alitupima urefu sisi wawili," alisema. "Nilikuwa nalia kwa wivu, kwa sababu yeye alisifiwa hata akiongezeka unywele."

Mama akamletea chai ya maziwa. Akanywa amesimama, kwa sababu hapakuwa na kiti. Alipomaliza alisema, kama anayejisemea, "Nilimleta huku asiwe mpweke. Kumbe niling'oa mti."

"Hujang'oa," Mama akamwambia. "Umemhamisha tu. Anaweza kurudishwa."

Ndivyo ilivyokuwa. Mwisho wa Mei, baridi ilipokwisha kabisa, binti alichukua likizo na kukodi gari kubwa ili amwendeshe baba yake mpaka kusini, kwa yule dada wa mzee. Shangazi alikuja tena na mkanda wake. Safari hii saguaro ulishuka bila kofia. Mzee alisimama kwenye ngazi za mbele na fimbo yake ya kutembelea, akisema, "Polepole, polepole," na Shangazi akamjibu, "Mzee, relax, sisi ni maprofessional." Mzee alipomaliza kutuaga wote alimwinamia mdogo wangu, akamwambia shikamoo. Mdogo wangu akamtazama Mama kwanza. Mama akageuka, akajifanya anaangalia barabara.

Mzee aliishi huko kwao miaka mingine mingi, na kila Krismasi ilifika picha. Sasa hayupo. Shangazi amerudi Kisumu kujenga. Baba na Mama wako Dodoma na mbuzi wao, na zizi lina ua wa miiba kama kawaida. Hakuna uchungu katika hayo, kila mmoja amefika alikotaka kufika. Ninachokikosa ni kitu kingine, nacho sijui kama utanielewa. Mtaani kwangu siku hizi nyumba ni kubwa, joto halikatiki, na hakuna aliyewahi kunipa ufunguo wake.

Siku ile gari lilipotoweka kwenye kona tulirudi juu. Sebule ilikuwa kubwa kama uwanja, na sauti zetu zilirudi kutoka ukutani. Kwenye zulia palibaki duara za vyungu, nyingine kubwa, nyingine ndogo. Mama alifungua madirisha, akasema, "Haya, sasa mna nafasi ya kucheza." Lakini hatukujua tucheze nini. Jioni Baba alikaa kwenye kiti chake akala kwa raha, na sisi tulipotoka jikoni na sahani zetu tulipita ubavu ubavu, mikono tumeibana, tukizunguka mahali ambapo hapakuwa na kitu.